Spa ya msituni Ubud kwa usiku 4: chukueni chumba, kifurushi waachieni wenyewe

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Dada habari za kazi. Mimi na mume wangu mwezi wa 7 tunatimiza miaka 10 ya ndoa, tumejichanga twende Bali, kile kisiwa cha Indonesia, pale Ubud. Kuna hoteli ya spa ipo katikati ya msitu, wana kifurushi cha usiku 4 dola 2,600++ kwa watu wawili, ndani yake kuna spa mara mbili kwa siku kila mtu, gari la eapoti na dina moja. Chumba peke yake bila spa ni dola 290++ kwa usiku. Mume wangu anatumia dawa za presha, mimi sijawahi kukandwa maisha yangu yote na kusema ukweli naona aibu, afu sisi ni Waislamu. Tuchukue kifurushi au tutapigwa?"

Mdogo wangu salama kabisa, na hongereni kwa miaka 10, siku hizi sio mchezo.

Jibu la haraka: chukueni chumba, kifurushi waachieni wenyewe. Kupigwa kwa maana ya kuibiwa hamtapigwa, ila mtalipia vitu ambavyo mwili hauwezi kuvipokea, ni sawa na mtu akuuzie sahani nane za pilau ule ndani ya siku nne eti kwa vile ukichukua nane bei inashuka. Mimi kazi yangu ni kukanda watu, huu mwaka wa 16, nimeanzia mahoteli ya Kiwengwa na Nungwi sasa hivi niko Dar, na Ubud nilikaa miezi mitatu najifunza kwa mama mmoja wa kule, kwa hiyo nitakayosema hapa mengine ni ya kazi mengine ni ya macho yangu tu.

Tuanze na hela manake ndo umeuliza. Hizo plasi mbili mbele ya bei watu wengi wanaziona kama urembo, kumbe ni kodi na sevisi, na Bali kwa kawaida zikiunganishwa zinakuja asilimia 21. Kwa hiyo 2,600 yako ukifika kaunta inasoma 3,146. Chumba tupu usiku 4 ni 1,160, weka 21 juu yake inakuwa kama 1,404. Tofauti ni dola 1,742. Toa gari na dina, tuseme 150 hivi na hapo nimekuwa mkarimu, inabaki karibu 1,590, gawanya kwa 16 (mara mbili kwa siku, siku nne, watu wawili), unapata kama dola 100 kila mmoja wenu anapolala kwenye kile kitanda. Sasa toka nje ya geti la hoteli, tembea dakika kumi, utakuta vibanda vya masaji visafi tu, saa nzima ni rupia 150,000 mpaka 200,000, na dola moja inacheza kwenye rupia 16,000 hivi, kwa hiyo unaongelea dola 9 mpaka 12. Na mikono ni ileile! Wasichana wa hotelini na wa vibandani wanatoka vijiji hivyohivyo, wengine ni ndugu, mwenzangu mmoja asubuhi alikuwa anakanda hotelini na yunifomu yake ya hariri, jioni yuko kwenye kibanda cha shangazi yake na kandambili.

Sisemi hotelini msifanye kabisa, hapana. Fanyeni mara moja au mbili hotelini, ile ya ukumbusho, chumba kipo juu ya mto unasikia maji yanapita chini, bafu la maua, picha za kuwapigia mashoga zako, hiyo ilipieni roho kunjufu kwa sababu pale unanunua mahali. Zilizobaki nendeni kijijini.

Alafu hata kama kifurushi kingekuwa bure ningekuambia usimalize. Spa mara mbili kwa siku siku nne! Mtu ambaye hajawahi kukandwa, masaji ya kwanza kesho yake misuli inauma kama umebeba ndoo za maji kutwa, sasa kabla haijapoa unakandwa tena na tena, siku ya tatu unajuta. Na skrabu ndo usiseme, ngozi ukiisugua leo inataka wiki ndo uiguse tena, ukirudia kila siku unaondoa hadi kile kinachokukinga, unaanza kuwashwa, na kule kuna unyevu na jasho basi kazi imeisha. Nimewaona wateja wa hanimuni wamekuja na vifurushi vya namna hii, siku ya nne wanakuja wamenuna wanauliza kama wanaweza kubadilisha masaji wapewe chakula. Wengi wanaambiwa hapana.

Ratiba ambayo mimi ningewapa ni hii. Siku ya kufika msiguswe. Najua mtakuwa mmechoka na hoteli zitawashawishi, welkam masaji sijui nini, kubalini maji ya kuoshwa miguu na kile kinywaji basi. Sababu yenyewe: kutoka Dar mtapitia Doha au Dubai, Dar kwenda Doha ni kama saa 6, Doha kwenda Denpasar (uwanja wa ndege wa Bali) kama saa 10, mmekaa miguu inaning'inia muda wote huo, na kuna watu damu inaganda kwenye mshipa wa mguuni bila kujijua, na donge likitoka pale likapanda kwenye mapafu linaua. Kwa hiyo ndani ya ndege simameni mtembee, mkunje mkunjue vifundo, kunyweni maji. Mkifika angalianeni miguu, kama mguu mmoja (mmoja, sio yote miwili) umevimba, una joto, shavu la mguu linauma ukilibonyeza, hapo ni daktari moja kwa moja na asije mtu akaukanda, hata mume mwenyewe kwa huruma zake. Hii kitu kwenye vipeperushi vya spa hawaandikagi lakini sisi wa kazini ndo swali la kwanza tunatakiwa tuulize mgeni aliyetoka safari.

Na masaa yatawavuruga, Bali wako mbele yetu saa 5, nyinyi mnataka kulala wao wanaamka. Usiku wa kwanza lala tu.

Siku ya pili fanyeni masaji ya miguu tu, mmekaa kwenye viti mmevaa nguo zenu, hiyo itakutoa aibu. Ya tatu ndo masaji ya mwili mzima hotelini. Ya nne skrabu na bafu la maua kama mnataka. Ya tano mnafunga mabegi. Imetosha kabisa, mkitamani nyingine ongezeni kijijini kwa dola kumi yenu.

Sasa presha ya shemeji. Kwanza aende kwa daktari wake kabla ya safari apimwe, kama presha yake imetulia na dawa basi masaji haina shida, tena wengi inawashusha kidogo na wanalala kama watoto. Shida ipo kwenye joto. Sauna, stimu, yale maji ya moto ya jakuzi, vyote vinafungua mishipa presha inashuka, na dawa nazo zinashusha, afu kuna dawa zingine zinakojoza kwa hiyo maji mwilini yamepungua tayari, mtu anainuka ghafla anaona giza anaanguka kwenye marumaru zenye maji. Nimeshadaka mzee mmoja mzima mzima hivyo, mwili kilo mia na mimi unavyoniona hivi (hujaniona, ila mimi mwembamba). Kwa hiyo aende stimu dakika 10 basi, isizidi 15, na lile dimbwi la maji baridi wanalowaambia mruke mkitoka kwenye moto aliache kabisa, hiyo kwa mtu wa presha ni kuutafuta moyo ubaya. Akimaliza masaji akae kitandani kwanza dakika mbili tatu miguu chini, ndo asimame. Na asije akaruka kidonge eti kwa sababu yuko likizo, wanaume ndo zao hizo. Amuulize daktari saa za kumeza zitakaaje kwa vile muda umebadilika, na dawa zikae kwenye begi la mkononi, sio lile linaloenda chini ya ndege. Kwenye fomu ya spa aandike presha na jina la dawa. Asione aibu kuandika.

Mkisikia neno ditoksi zibeni masikio. Masaji haitoi sumu mwilini, sumu inatolewa na ini na figo na hawalipwi hata senti. Jamu watakayowapa, ile juisi ya manjano, tangawizi, ukwaju, hiyo kunyweni ni tamu na ni utamaduni wao wa kweli, UNESCO waliuandikisha mwaka 2023, ila mkiuziwa programu ya siku tatu ya kunywa majani na kufunga kula, shemeji na dawa zake asiiguse.

Tuje kwenye aibu yako. Mdogo wangu kila mtu ana aibu mara ya kwanza, hata hao Wazungu unaowaona. Inavyokwenda ni hivi. Mnafika mnapewa fomu, unajaza una ugonjwa gani, unataka mkono mzito au mwepesi, sehemu gani wasiguse. Mnaoshwa miguu kwenye beseni lenye maua na limao. Unapewa chumba au pazia unabadilisha mwenyewe, hakuna anayekuangalia, wanakupa chupi ya kutupa, ile ya karatasi, utacheka ukiiona manake inafanana na kofia ya daktari, ila kama hutaki baki na yako tu ila iwe ya zamani kwa sababu ya mafuta. Unalala kifudifudi umefunikwa kitambaa kichwani mpaka miguuni, na anachofunua ni sehemu anayoifanyia kazi tu, akimaliza mguu wa kulia anaufunika ndo anafunua wa kushoto. Ukigeuka anainua kitambaa juu kama ukuta yeye anaangalia pembeni. Kifuani haguswi mtu. Tumbo kwa masaji ya Kibali wanapenda kulikanda, ukiona hutaki sema, hakuna anayenuna.

Masaji yenyewe ya Bali sio laini kama watu wanavyofikiri wakiona picha za maua. Ina mivuto mirefu ya kiganja, inakunja ngozi kwa vidole kama mtu anasukuma chapati, na dole gumba linatafuta fundo mpaka lilipojificha. Kwa hiyo uwe na maneno mdomoni. "Pelan-pelan" ni polepole. "Sakit" ni inauma. Na utashangaa maneno mengine tunachangia nao, wanasalimia "apa kabar", hiyo kabar ndo habari yetu hiyohiyo kutoka kwa Waarabu, sabuni kwao ni "sabun", meza ni "meja", bendera ni bendera vilevile, hayo mawili Mreno alitugawia sisi na wao. Mama aliyenifundisha alikuwa ananitajia vitu vya chumbani nami namjibu kwa Kiswahili, anacheka mpaka analia.

Upande wa dini: ukibuku sema mapema wewe unataka mwanamke na mume wako anataka mwanaume, wanao. Manake ile wanaita masaji ya kapo ni vitanda viwili chumba kimoja, na usiposema wanaleta wanawake wawili, sasa shemeji atakuwa amelala pale anaona haya na wewe umekasirika kimyakimya, miaka 10 yote inaharibikia hapo. Kama mwanaume hayupo siku hiyo, yeye afanye miguu tu. Na vibandani muingie vile vyenye vioo unaona ndani wateja wamekaa, vyenye pazia zito na dada amesimama mlangoni anaita wanaume, piteni.

Chakula, hapo kidogo muwe makini. Indonesia ni nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani lakini Bali wenyewe wengi ni Wahindu, na Ubud ni maarufu kwa babi guling, nguruwe mzima wa kuchoma na viungo, utakuta mabango mji mzima. "Babi" ndo nguruwe, hilo neno lishikeni vizuri kuliko yote. Kwenye migahawa ya kawaida ya kijijini hata mboga inaweza kuwa imepita kwenye mafuta yake, kwa hiyo tafuteni walioandika halal, hasa wapika chakula cha Padang (mji wa kisiwa cha Sumatra) na wa kutoka kisiwa cha Java, wapo na ni bei poa, wali na mchuzi wa nazi na pilipili mtajiona mko Tanga. Hotelini waambieni mapema "tanpa babi", yaani bila nguruwe. Na kibla, msije mkaswali kwa mazoea ya nyumbani. Dar sisi tunaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, kule ni magharibi ikikunjia kaskazini kidogo, vyumba vingi havina alama, simu ziwaonyeshe.

Sasa skrabu, hapa niache niongee manake ndo sehemu naipenda. Kwenye menyu mtakuta vitu viwili, lulur na boreh. Lulur ni ya Java, ya majumba ya kifalme ya Yogyakarta na Surakarta, bi harusi alikuwa anasuguliwa siku nyingi kabla ya harusi, unga wa mchele, manjano, sandali, wakimaliza wanapaka maziwa ya mgando afu anaingia kwenye maji ya maua. Umesikia kitu hapo? Ni singo! Bibi zetu Unguja na Pemba wanatwanga asumini, mlangilangi, mawaridi, karafuu, liwa, somo anamsinga mwari chumbani na mlango umefungwa. Mimi nilivyofanyiwa lulur mara ya kwanza nilinyanyua kichwa kitandani nikamwambia yule mama hii kwetu ipo, hakuamini mpaka siku niliyomletea singo ya dukani Darajani, akanusa akataja vitu vitatu vilivyomo bila kukosea.

Boreh ndo ya Bali wenyewe, na haikuwa ya wafalme, ilikuwa ya wakulima wa mpunga waliokuwa wanatoka shambani wamelowa wanatetemeka, wanapakwa tangawizi, galangali (mzizi wa jamii ya tangawizi), karafuu, kungumanga, mdalasini, unga wa mchele, mwili unawaka joto. Unawaka kweli, sio maneno. Ukiwa umeungua na jua usiifanye, ukiwa na mimba usiifanye (na kama mna mpango wa kurudi watatu niambieni mapema), na shemeji naye aiache. Kuhusu hiyo karafuu, mkiwa pale mkumbuke asili yake ni hukohuko, visiwa vya Maluku, ndo ikaletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na miaka ya 60 na 70 Indonesia wakawa wanunuzi wakubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya zile sigara zao za kretek zinazonukia. Yaani walitupa mbegu afu wakaja kununua kwetu.

Wewe chukua lulur. Ila manjano inashika, usivae nyeupe siku hiyo, na kama una mpango wa kupaka fanicha za hoteli rangi kalia tu shuka zao nyeupe utaona.

Nimesema mnalipia mahali, sasa nikuambie mahali penyewe pakoje ili usije ukafika ukalia. Msitu wa Ubud sio msitu wa kupotea. Ni makorongo. Juu kuna barabara, maduka, pikipiki, foleni kama Mwenge saa kumi na moja jioni, mashamba ya mpunga, afu ardhi inakatika inashuka kwenye korongo lenye mto chini, Ayung au Wos, na kwenye ile miteremko ndo kuna mianzi, minazi, mikungu ya migomba pori, miti mikubwa imevaa majani ya kutambaa. Hoteli zimejengwa kwenye huo mteremko. Ukitokea Tanga utasema mbona kama nimepanda Amani. Ni pazuri, nakuambia asubuhi ukungu unapanda kutoka mtoni unaingia mpaka kwenye veranda, unakunywa kahawa kimya hakuna anayetaka kuongea, na mimi naamini hicho ndo kinachotibu watu pale kuliko mafuta yangu. Wanasema hata jina Ubud limetoka kwenye neno lao la dawa.

Lakini mteremko maana yake ngazi. Ngazi nyingi mdogo wangu! Kutoka mapokezi mpaka chumbani, chumbani mpaka bwawani, bwawani mpaka spa ambayo mara nyingi ndo ipo chini kabisa mtoni, afu ukishakandwa umelegea kama mlenda ndo unapanda mia moja na kitu. Mimi nilishawahi kulala hoteli moja, jina naliacha, niliuliza kila kitu kasoro ngazi, siku ya pili nikaacha kwenda kula asubuhi. Kwa shemeji na presha yake uliza hoteli kabla hujalipa: villa iko ngazi ya ngapi, kuna kigari cha kubeba wageni mpaka spa, na kinafanya kazi hadi saa ngapi usiku. Omba villa ya juu karibu na mapokezi. Watakuambia ya chini ndo ina vyuu nzuri, yaani mandhari, waachie vyuu yao.

Uliza pia kama kuna ujenzi jirani, siku hizi Ubud wanajenga kila kona na nyundo inaanza saa moja asubuhi. Na bwawa la kwenye picha, lile linaloonekana linamwagikia msituni, korongoni jua linafika kidogo, kama halina hita ni barafu. Mwezi wa 7 ndo kiangazi kwao, mvua zao ni kama wa 11 mpaka wa 3, kwa hiyo mmechagua vizuri, ila pia ndo msimu wa watu wengi bei iko juu, na usiku kuna kibaridi, beba sweta jepesi. Nguo hazikauki, ukifua leo kesho kutwa bado.

Usiku kuna kelele, usije ukaniandikia saa nane. Vyura, nyenje, na mjusi mmoja mkubwa anaitwa tokek, anajiita jina lake mwenyewe to-kek, to-kek kwenye dari yako, hana madhara. Mbu wapo na sio wa malaria wa kuogopa pale Ubud, ni wa dengi, walewale waliotuhangaisha Dar 2014 na 2019, wanang'ata mchana, kwa hiyo dawa ya kupaka ni asubuhi na jioni hata mkiwa kwenye kivuli cha spa, na ukishapakwa mafuta ya masaji ile dawa imeondoka, paka tena. Maji ya bomba msinywe, hata kusukutulia meno tumieni ya chupa. Kwenye ule msitu wa kima katikati ya mji, nendeni kama mnapenda, ila miwani, hereni, simu, vyote ndani ya begi lenye zipu, wanapora wale kama wanalipwa, na ole wako akung'ate au mbwa akung'ate, Bali ina kichaa cha mbwa tangu 2008, unaosha na sabuni maji yanatiririka dakika 15 afu hospitali siku hiyohiyo mkachome sindano. Vile vikapu vidogo vya majani vyenye maua na ubani chini barabarani ni sadaka zao za kila siku, rukeni msikanyage.

Viza ulizeni ubalozi wa Indonesia kabla ya kukata tiketi, kadi ya njano ya homa ya manjano bebeni tu, na kuna ada ya mgeni ya Bali rupia 150,000 kila kichwa, ilianza Februari 2024, unalipa kwenye simu kabla hujaruka.

Mwisho nywele, hujauliza lakini ndo utakuja kunishukuru. Masaji yao inaishia kichwani na mafuta, kama umesuka rasta mpya mwambie aishie shingoni, la sivyo ukirudi Dar mito yako yote ya kulalia inanuka nazi mwezi mzima. Kama huna rasta, wana kitu saluni wanaita krimbat, wanakupaka krimu kichwa kizima wanakanda kichwa na mabega afu stimu, kwa dola chache, raha yake siwezi kuielezea, ila kuchana chana mwenyewe manake nywele zetu hawazijui na kitana chao ni chembamba. Wigi acha nyumbani, unyevu wa kule utaliamsha kama paka aliyeona mbwa. Ukivaa hijabu waambie chumba chenye mlango, sio kile cha wazi kinachoangalia mtoni, manake vile vya wazi ng'ambo ya korongo kuna hoteli nyingine na watu wana kamera.

Na beba kanga doti mbili zako mwenyewe. Zile sarong wanazotoa hotelini zimekatwa kwa viuno vya kwao, ukijifunga inaishia njiani.